Ukumbi wa Moscow ambako paka ndio wasanii

Barabara ya Kutuzovsky jijini Moscow si mahali ambapo mtu angetarajia kukutana na paka. Ni njia pana yenye magari mengi na majengo mazito ya enzi za Muungano wa Kisovieti, iliyopewa jina la Mikhail Kutuzov, jemadari aliyeongoza jeshi la Urusi dhidi ya Napoleon mwaka 1812. Nyumba namba 26 ndiko alikoishi Leonid Brezhnev, aliyeitawala dola hiyo kwa miaka 18. Upande wa pili wa barabara, namba 25, wanafanya kazi paka.

Jengo hilo zamani lilikuwa ukumbi wa sinema. Tangu mwaka 1990 limekuwa makao ya kundi la maonyesho la Yuri Kuklachev, mchekeshaji wa sarakasi aliyezaliwa mjini humo mwaka 1949, ambaye jina lake nchini Urusi halitajwi bila kutaja paka. Mwaka 2005 ukumbi huo ulichukuliwa rasmi kuwa taasisi ya umma, na mwaka huohuo paka wake walivuka bahari kwenda kuonyesha New York.

Mgeni anayetoka katikati ya mji anaweza kushuka kituo cha Kutuzovskaya, ambacho, tofauti na vituo vingi vya treni za chini ya ardhi za Moscow, kipo juu kabisa ya ardhi, kwenye upepo. Wenye watoto wadogo hufurahia zaidi kupitia kituo jirani cha Park Pobedy, kilichochimbwa mita 84 kwenda chini. Ngazi zake za umeme ni ndefu kiasi kwamba mtoto huweza kukaa akimaliza andazi lake lote kabla ya kuona mwanga. Baada ya hapo ni kutembea tu, na ikiwa ni kati ya Novemba na Machi, ni kutembea kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri.

Baridi hiyo ina utaratibu wake. Katika kumbi za Urusi hakuna anayeingia kuketi na koti zito. Makoti hukabidhiwa mapokezi, kila mtu akapewa kibandiko chenye namba, na foleni ya kuyachukua baada ya onyesho huwa ndefu. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu anayetaka kwenda chooni ana sababu ya kufika mapema. Familia nyingi za Afrika Mashariki zina ndugu aliyewahi kuipitia baridi hiyo kwa miaka mitano au sita mfululizo, kwani Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, kimesomesha madaktari na wahandisi wengi kutoka upande huu.

Ndani ya ukumbi, lugha si kikwazo kikubwa. Mtoto asiyejua hata neno moja la Kirusi huelewa kwa nini mtu anaanguka, kwa nini anakasirika, na kwa nini paka amemshinda. Paka mmoja anapanda mlingoti hadi kileleni. Mwingine anavuka kamba iliyokazwa hewani. Yupo anayetembea juu ya mpira unaozunguka, na yupo anayesimama kwa miguu ya mbele juu ya kiganja cha mchekeshaji, miguu ya nyuma na mkia vikiwa juu, kama kijana wa sarakasi za mtaani anavyosimama kwa mikono. Paka wa kundi hilo wametajwa kuwa takriban 120, ingawa kwa onyesho moja hawatumiki wote.

Wanachofanya ni vitu ambavyo paka hufanya hata nyumbani, isipokuwa hicho cha kusimama kwa mikono. Wanapanda, wanaruka, wanajificha, wanachungulia, wanapuuza. Hilo la mwisho ndilo wanalolifanya kwa ustadi mkubwa kuliko yote, na sehemu kubwa ya kazi ya mchekeshaji ni kuugeuza mgomo wa paka kuwa kichekesho.

Paka aliyekataa kutoka kwenye sufuria

Kuklachev hakuanza na paka. Alianza kama mtoto aliyemwona Charlie Chaplin kwenye televisheni na kuamua kuwa atakuwa mtu wa kuchekesha. (Kiswahili nacho kina neno chale kwa mtu wa aina hiyo, neno ambalo masikioni halina tofauti kubwa na jina la Charlie.) Akaomba nafasi katika chuo cha sarakasi cha Moscow. Akakataliwa. Akaomba tena na tena, na kila mara jibu likawa lilelile. Ikabidi asomee uchapaji, kazi ya mikono yenye mshahara wa uhakika.

Amesimulia mara nyingi siku aliyorudi nyumbani akiwa amekata tamaa, akamwambia baba yake kwamba hakuna mtu anayemwamini. Baba akamjibu kuwa amekosea, kwani yupo mtu mmoja anayemwamini, na mtu huyo ni yeye. Basi. Hakumpigia mtu simu, hakumtafutia njia ya mkato. Kijana akaendelea kucheza na vikundi vya ridhaa huku akijifunza uchapaji, na baada ya kung'ara katika mashindano ya wasanii wa ridhaa mwaka 1967, mlango wa chuo ukafunguka.

Wazazi wengi wamewahi kukaa kwenye kiti hicho cha baba. Mtoto amekuja na ndoto isiyolipa, shule imesema hana kipaji, na jirani ana mtoto anayesomea uhasibu. Jambo la kuvutia kwa baba Kuklachev ni kwamba kijana aliendelea kusomea uchapaji. Kumwamini mtoto na kumtaka ajifunze kazi ya mkono havikugombana katika nyumba ile, ingawa leo huzungumzwa kana kwamba mzazi lazima achague kimoja.

Alipomaliza chuo na kuingia sarakasi, alikuwa chale mmoja kati ya machale wengi, bila igizo lililo lake peke yake. Wengine walikuwa na mbwa, dubu, farasi. Paka hakuwa kwenye orodha, kwa sababu wenye fani waliamini kuwa paka hafundishiki. Kisha akaokota mtaani kitoto cha paka, kimelowa na kimekonda, akakipeleka nyumbani. Kikaitwa Strelka.

Igizo lenyewe lilizaliwa jikoni. Siku moja paka hakuonekana ndani ya nyumba, akatafutwa, hatimaye akapatikana amejikunja ndani ya sufuria. Kuklachev akamtoa. Paka akarudi. Akamtoa tena, na paka akarudi tena. Mtu mwingine angefunika sufuria na kuendelea na mambo yake. Yeye akaona onyesho zima limekwisha kuandikwa: mpishi anataka kupika, paka hataki kutoka, na kila mpishi anapogeuka, kichwa chenye masikio mawili kinachomoza. Hilo ndilo igizo la paka na mpishi lililomtoa nje ya mipaka ya nchi yake.

Tangu hapo utaratibu wake umekuwa huohuo. Anamtazama paka kwanza, kwa siku nyingi, aone anapenda nini kwa hiari yake. Anayependa kukaa juu hupewa mlingoti, na anayependa kuingia kwenye vitu vyenye mdomo mwembamba hupewa kikapu au sufuria. Mvivu naye ana nafasi yake, kwani paka anayebebwa kama kitambaa bila kujali huchekesha sana. Kiswahili kinasema samaki mkunje angali mbichi, na kwa salamu, usafi na kusema kweli, methali hiyo haina kasoro. Kwa kipaji ni habari nyingine. Huko inabidi kwanza kutazama samaki mwenyewe anajikunjia upande gani, na kutazama huko huchukua muda ambao wazazi wengi wanaamini hawana.

Chale aliyemtangulia

Moscow ilikuwa na mtu wa aina hiyo hata kabla Kuklachev hajazaliwa. Vladimir Durov, naye chale, alifungua mwaka 1912 nyumba ya wanyama iliyokuwa ukumbi wa maonyesho, makumbusho na maabara kwa pamoja. Ipo hadi leo, mtaa wake umepewa jina lake, na watoto bado hupelekwa kuona reli yake maarufu ambayo abiria wake ni panya. Familia yenye siku mbili mjini inaweza kuwaona panya wa Durov leo na paka wa Kuklachev kesho.

Durov aliishi katika zama ambazo wanyama wa sarakasi walifundishwa kwa fimbo na njaa. Yeye alishikilia kuwa kipande cha chakula kinachotolewa kwa wakati unaofaa hufundisha zaidi ya kiboko. Sayansi ilikuwa inaelekea hukohuko. Mwaka 1898, huko New York, mwanasaikolojia Edward Thorndike alichapisha majaribio aliyofanya kwa kuwafungia paka ndani ya masanduku ya mbao yenye mlango unaofunguka kwa kukanyaga pedali au kuvuta kamba. Mara ya kwanza paka alihangaika kwa muda mrefu, akagusa pedali kwa bahati, akatoka na kukuta chakula. Kila aliporudishwa, muda wa kuhangaika ulipungua. Thorndike akahitimisha kuwa tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Kinachomfanya paka apande mlingoti mbele ya watu mamia, na kinachomfanya mtoto arudishe viatu mahali pake baada ya kusifiwa papo hapo, kina asili moja.

Kuna sababu paka ni mgumu kuliko mbwa. Ukoo wa mbwa huwinda kwa kundi na humtazama kiongozi. Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati anayewinda peke yake, hana mkubwa wa kumridhisha, na sifa tupu hazimshibishi. Hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa hiyo somo lake lazima liwe fupi, tonge moja na dakika chache, kisha aachwe. Mkono wa binadamu humzoea vizuri zaidi akianza kushikwa kwa upole kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha. Aliyekua porini hadi miezi sita bila kuguswa huweza kuishi na watu, lakini mara chache atapenda kubebwa.

Haya hayaondoi maswali. Mjadala kuhusu wanyama jukwaani ni mkubwa duniani kote, na nchi kadhaa zimeshapiga marufuku wanyama pori katika sarakasi zinazosafiri, Uingereza ikiwamo. Paka si mnyama pori, kwa hiyo sheria hizo hazimgusi. Hata hivyo taa kali, muziki mkubwa na safari ndefu si mambo ambayo paka angeyachagua. Tuhuma za ukatili zimewahi kumfuata Kuklachev mwenyewe, naye amezikana, hata akafika mahakamani kutetea jina lake. Mzazi aliyekaa kiti cha kumi hawezi kujua kinachofanyika kwenye mazoezi, lakini macho anayo. Paka aliyetulia huinua mkia na masikio yake huelekea mbele. Aliyeogopa hujikunja chini na kubana mkia, masikio yakilala pembeni au nyuma na mboni zikitanuka hata penye mwanga. Mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa kusoma dalili hizo ndani ya dakika tano, na zitamfaa zaidi nyumbani kuliko ukumbini.

Mtoto akitaka paka wake

Kwa sababu hilo ndilo hufuata. Onyesho likiisha, au hata video yake fupi kwenye simu ya mama, mtoto huanza kudai paka. Kazi iliyofanywa na mtaalamu kwa miaka humwonekea kama mchezo wa Jumamosi, na paka wa kwanza atakayejaribu kumfundisha ni yule wa jirani.

Meno ya paka ni membamba na marefu. Tundu linaloachwa ni dogo, halitoki damu nyingi, na ndiyo maana hupuuzwa, wakati bakteria wameshaingizwa ndani kabisa ya nyama. Kidole kilichoumwa asubuhi kinaweza kuwa kimevimba na kuwa chekundu kabla ya siku kuisha. Kikubwa zaidi ni kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata pia paka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba watoto chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au akiparuzwa, jeraha lioshwe hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko inavyodhaniwa, mtoto atalia, na mtu mzima ashike saa. Baada ya hapo ni kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kupaka majivu, ndimu wala mafuta ya taa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa kwa kosa la kumchezea paka. Nyumba ambayo mtoto anajua hatachapwa akisema, hupata habari mapema, na kwa ugonjwa huu mapema ndiyo kila kitu. Paka wa nyumbani naye apelekwe kuchanjwa.

Kuna pumu na mzio. Wengi hudhani tatizo ni manyoya, ndiyo maana hutafuta paka mwenye manyoya mafupi. Kinachosumbua hasa ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo hubaki kwenye nguo, makochi na mapazia kwa miezi. Mtoto mwenye pumu anayekohoa akiwa karibu na mwenzake darasani huenda anakohoa kwa ajili ya paka aliyeko nyumbani kwa mwenzake. Ukumbi wenye paka wengi ni mtihani zaidi. Kabla ya kununua tiketi ya onyesho kama la Moscow, mzazi wa mtoto wa aina hiyo azungumze na daktari, na siku ya safari inhela ikae mfukoni, isibaki kwenye koti lililokabidhiwa mapokezi.

Hofu ya tatu huwa ya wajawazito, na imewafanya wengi kumtupa paka nje bila sababu. Vimelea vya toksoplasma humwingia paka anapokula panya au nyama mbichi, kisha hutoka na kinyesi chake, kwa kawaida kwa wiki chache tu baada ya maambukizi ya kwanza. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, kwani vimelea huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Chombo cha mchanga anamojisaidia paka kikisafishwa kila siku, na mtu asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa nazo huambukiza, na hizo zipo hata kwenye nyumba ambayo haijawahi kuingiza paka. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe usiku, maana kwa paka mchanga mkavu ni choo kilichoandaliwa.

Mtoto chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na paka, hata paka mpole. Mkia si kamba, na paka anayekula au kulala haguswi.

Kuklachev amekuwa akilipeleka somo hilo mbali na jukwaa. Huenda mashuleni, kwenye vituo vya yatima na katika magereza ya watoto nchini Urusi, akizungumza na vijana kuhusu wema na jinsi ya kumtunza aliye dhaifu kuliko wewe. Wanawe wawili, Dmitry na Vladimir, waliokua miongoni mwa paka, wamepanda jukwaa hilohilo na kuwa na maigizo yao.

Anayetaka kujaribu kidogo nyumbani hahitaji mlingoti wala kamba. Sanduku tupu la katoni linatosha. Liwekwe sebuleni, mtoto aketi kando bila kumwita paka, na kila paka anapoingia mwenyewe apewe kidagaa kimoja ndani ya sanduku. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha. Baada ya siku chache mtoto anaweza kugonga sanduku kwa kidole na paka akaja. Au asije, akaenda kulala juu ya kabati, na onyesho la siku hiyo likawa limeishia hapo.